Namna ya Kukata Filamu Bila Kuiumiza

Nyinyi vijana wa kanisa letu hapa Guildford, Sydney, mmekuwa mkiwaandikisha wazee habari za kazi zao. Mmeshapata manesi wanne, dereva mmoja wa forklift wa Wetherill Park, na mhasibu ambaye nakiri sikumaliza kumsoma. Sasa mmenifikia mimi. Niliwauliza mara mbili kama hamkukosea mlango, maana shule niliishia kidato cha pili kule Voi, na kazi yangu haina hata jina la kueleweka. Nililipwa kukata filamu za zamani ili matangazo ya biashara yapite katikati.

Najua mnavyoyachukulia matangazo. Mnahesabu tano, nne, tatu, halafu kidole kinaruka. Siwalaumu, hata mimi naruka. Ila mjue kwamba kila mahali filamu ilipokatwa kuna mtu aliyekata, au kuna mashine iliyokata kwa sababu mtu huyo amefukuzwa. Mimi nilinusurika kufukuzwa, na hiyo ndiyo habari nitakayowaandikia. Nina madaftari niliyokuwa nikiyaandika kila jioni siku zile. Pale daftari linaponisingizia wema, nitasema.

Kituo chetu kilikuwa cha televisheni ya kulipia. Kilionyesha filamu za zamani tu, nyingi zikiwa nyeusi na nyeupe, na watu walilipa kila mwezi kwa ahadi moja: filamu nzima, mwanzo hadi mwisho, bila kukatizwa. Niliingia kwa mlango wa nyuma. Nilianza kwenye ghala la kanda kule Wetherill Park, kazi yangu ikiwa kupanga kanda kwenye rafu. Halafu mkaguzi mmoja akaacha kazi, wakahitaji mtu wa kukaa kutwa nzima akitazama filamu na kuandika ilipokwaruzika. Wenye elimu waliikataa kazi hiyo kwa kuwa inachosha. Mimi niliona wamerukwa na akili. Kulipwa ukiwa umekaa, tena unatazama sinema.

Aliyenifundisha anaitwa Maureen. Alikuwa na miaka sabini kasoro, mwembamba, mdomo wake mchafu, na kikombe cha chai hakikumtoka mkononi. Huku watu huitana majina matupu, hata bosi. Ulimi wangu ulikataa kumwita mtu aliyenizidi umri kiasi hicho "Maureen" kana kwamba tulichunga mbuzi pamoja. Nikamwita Mama Maureen. Akauliza maana yake, nikamweleza. Akasema hana mtoto hata mmoja. Nikamwambia, sasa unaye. Wiki haikuisha kabla ofisi nzima haijaanza kumwita hivyo, na yeye akawa anaitikia kwa madaha. Kiingereza chao hapa nakigeuza Kiswahili. Wakionekana wana adabu kuliko walivyokuwa, kosa ni langu.

Siku moja meneja wa mauzo, Grant, alituita na kutuletea keki. Mtu akikuletea keki kazini na si siku yako ya kuzaliwa, kaa chini kwanza. Akasema watu wanahamia kwenye mtandao na wanaolipa wanapungua. Bila matangazo kituo kitafungwa. Kwa hiyo ahadi ya kutokatiza filamu imekwisha.

Mama Maureen akamwuliza, "Na nani atazikata?"

"Kuna programu ya kompyuta. Inakata kila baada ya dakika kumi na mbili."

"Mtu akiwa katikati ya neno?"

"Mashine haisikii maneno, Maureen."

"Nawe pia husikii, lakini wewe tunakuvumilia."

Nataka nimtendee haki Grant. Hakuwahi kunipigia kelele, na nilipofiwa na kaka yangu alinipa siku kumi bila kuulizwa. Angeweza kuweka mashine siku ile ile. Badala yake alitupa majaribio ya wiki nne. Asubuhi filamu zitakatwa na mashine, mchana zitakatwa na sisi kwa mkono. Mwishoni atatazama malalamiko ya watazamaji. Mashine ikitushinda, mimi na Mama Maureen tunakwenda nyumbani. Yeye alikuwa na nyumba yake na malipo ya uzeeni yalikuwa yanakaribia. Mimi nilikuwa na wasichana wawili shuleni, mume ambaye mgongo wake ulikuwa umeshaharibika kwa kubeba masanduku, na miaka hamsini na kitu. Kama hamjawahi kutafuta kazi Sydney mkiwa na miaka hamsini na kitu na kidato cha pili, mshukuruni Mungu.

Basi tukaanza kujifunza kukata, hata Mama Maureen, maana hakuwahi. Alikuwa na kanuni moja tu ya kuanzia. Tunatazama filamu yote, na kila mmoja anaandika kwenye karatasi yake dakika ambayo mwili wake umetaka kusimama. Si akili, mwili. Pale unaposikia hamu ya kwenda kuweka birika motoni, hapo filamu yenyewe imepumua, na hapo ndipo pa kukata. Mwanzoni nilidhani anatania. Tulipolinganisha karatasi zetu, dakika zilifanana mara nyingi kuliko nilivyotegemea. Karibu kila mara kulikuwa na mlango uliofungwa, au gari lililoondoka, au mtu aliyepanda ngazi mpaka akapotea. Waliotengeneza filamu zile walijua watu huchoka, wakaacha nafasi.

Mambo mengine tuliyajua kwa kupigwa. Usikate muziki kabla haujatua. Usikate mtu akiwa ameulizwa swali. Grant alitaka tukate hapo hapo, ili mtazamaji abaki na hamu. Mama Maureen akamwambia, "Ukimwacha mtu ananing'inia, atarudi kweli, lakini atarudi na hasira, na hasira hiyo ataimalizia kwenye sabuni unayomwuzia." Nadhani alikuwa sahihi. Grant naye alikuwa na hoja, kwa sababu wapo watu wanaopenda kuning'inia. Mume wangu ni mmoja wao.

Na tazama kinachofuata baada ya mkato. Hilo nililikosea mimi siku ya tatu. Kulikuwa na filamu ya mke anayemtilia mumewe sumu kwenye chai, kidogo kidogo, kila jioni. Nikapata mkato mzuri sana: mke anaweka kikombe mezani, anatabasamu, taa inazimika. Nilijisifu. Tangazo lililofuata likawa la majani ya chai, na mama mwingine naye anaweka kikombe mezani akitabasamu. Wenye chai walipiga simu kabla tangazo halijaisha. Daftari langu la siku hiyo linasema kosa lilikuwa la aliyepanga matangazo. Daftari ni la kwangu, litaacha kunitetea? Orodha ya matangazo ilikuwa mbele yangu mezani, na sikuitazama.

Hilo lilikuwa dogo. Kosa kubwa lilikuja Jumapili.

Ofisi kuu iko ng'ambo, na ng'ambo walikuwa wameanza matangazo mapema kuliko sisi. Kwa wema wao wakatutumia orodha ya mikato ya filamu kadhaa, imepigwa chapa vizuri, safu zimenyooka. Orodha inakuambia dakika ya kukata, halafu inakuambia dakika ya kurudi, ikiruka sekunde tano za giza ambazo huwa katikati ya sehemu mbili za filamu. Mama Maureen alikuwa amekwenda kung'olewa jino. Nilikuwa nimeshaitazama filamu yenyewe, ya upelelezi, na mikato yangu nilikuwa nimeshaandika. Nikaitazama karatasi yangu yenye mwandiko wa kidato cha pili, nikaitazama karatasi yao. Nikatupa yangu.

Kumbe huko kwao filamu hupita picha ishirini na nne kwa sekunde moja. Huku kwetu televisheni hupitisha ishirini na tano. Tofauti ya picha moja, jicho haliioni. Lakini filamu ya huku inakimbia kidogo kuliko ya kule, na kadiri inavyokwenda ndivyo saa zinavyoachana. Mkato wa kwanza ulichelewa dakika moja, watu wakavumilia. Mkato wa mwisho ulichelewa zaidi ya dakika tatu. Ukaangukia chumbani, watu wote wamekusanyika, mpelelezi ananyoosha kidole na kusema, "Na aliyemuua ni." Likaja tangazo la magodoro. Tuliporudi, zile sekunde tano zilizotakiwa kuwa giza zikarukwa kama orodha ilivyoagiza, na mpelelezi akaendelea, "ndiyo maana mbwa hakubweka."

Jina la muuaji lilikuwa ndani ya sekunde tano.

Daftari linasema watu kumi na wanne walipiga simu. Mama Maureen, aliyesikiliza simu zilizorekodiwa Jumatatu akiwa na shavu lililovimba, alisema kumi na mmoja. Nitaandika kumi na mmoja. Mashine, kwa wiki nzima, ilikuwa imelalamikiwa mara tatu.

Nilimweleza yote. Nilitegemea tusi. Akashika shavu, akasema, "Ulikata ya kwako kwanza?"

"Nilikata."

"Ilikuwa sawa na ya kwao?"

"Hapana."

"Basi ulijua," akasema. "Ulijua, ukamwamini mwenye taipureta." Neno hilo liliniuma kuliko tusi, na wanangu, kama kuna kitu kimoja mnachotaka kukichukua kwangu, chukueni hicho. Hata hivyo msikichukue chote. Mara nyingi mwenye taipureta anajua kuliko wewe. Cha kufanya ni kuuliza, na mimi sikuuliza.

Jioni hiyo mdogo wangu Mghoi akanipigia. Yeye alikuwa mtunza wazee kwenye makao ya wazee kule Lidcombe.

"Dada, ile filamu ya jana ni ninyi?"

"Ni sisi."

"Wazee wangu wamegawanyika. Nusu wanasema ni daktari, nusu wanasema ni dada wa marehemu. Bwana Stan amegoma kula mpaka aambiwe."

Siku yangu ya mapumziko ilikuwa Jumanne. Nikapanda treni nikaenda Lidcombe kuwaambia muuaji ni nani. Mtacheka, lakini niliona ndiyo haki. Aliyenipokea mlangoni ni Bahati, kijana wa Uvira kule Kongo aliyefanya kazi na Mghoi. Akaniambia kwa sauti ya kunipa pole, "Mama, hapa bazee banasema muuaji ni weye mwenyewe."

Nikawakuta ukumbini, viti kumi na viwili vimepangwa nusu duara, nikawaambia: ni wakili. Bwana Stan, aliyekuwa fundi wa reli zamani, akasema alijua tangu mwanzo. Mghoi akaninong'oneza kwa Kitaita kwamba jana alikuwa upande wa daktari.

Nikabaki nao kutazama filamu ya mchana, na hapo nikaona kitu ambacho ofisini hatukuwahi kukiona. Mkato wetu wa kwanza ulipofika, Mghoi na Bahati waliruka kama wanamichezo. Mmoja anamwinua bibi, mwingine anatafuta fimbo ya kutembelea, anatafuta kiatu. Kiatu kikapatikana. Filamu ikarudi. Bibi akakaa chini tena, akagoma kuondoka.

"Unaona?" Mghoi akasema. "Zamani filamu zenu zilikuwa hazikatwi kabisa. Kuanzia saa nane mpaka saa kumi hakuna anayekubali kwenda msalani. Unafikiri nani anafua?"

"Lakini sasa tunakata mara nane."

"Mara nane dakika mbili mbili. Dakika mbili ni za kutafuta kiatu, Dada."

Bahati akaweka mkono kifuani kama anayeapa. "Mama, tupe dakika sita na utuambie saa yake. Hatutaomba kitu ingine hapa duniani."

Nilirudi kwa Mama Maureen na karatasi. Nilikuwa na aibu kumweleza, kwa kuwa yeye alizungumza juu ya filamu kupumua, na mimi nilikuja na habari za misalani. Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mtoto wangu, kwani birika tulilizungumzia kwa ajili ya nini? Ni safari ile ile ya chai, wazee hawa wako mwisho wake."

Tukaipanga upya. Badala ya mikato minane ya dakika mbili, mikato mitatu ya dakika sita. Grant akapiga hesabu kwa vidole na kuona kwamba dakika kumi na sita za matangazo zimekuwa kumi na nane. Akakubali hata hatujakaa. Filamu nazo zilipona, maana kupata mahali patatu pazuri ni rahisi kuliko kupata panane. Na kila asubuhi nilimtumia Mghoi ujumbe. Nimepata mmoja kwenye daftari: "Wa kwanza saa nane na dakika thelathini na nane, yule mama akifunga mlango wa bustani. Anza na Bwana Stan."

Mghoi akautuma kwa rafiki yake wa Auburn. Yule wa Auburn akautia kwenye kikundi cha watunza wazee wanaozungumza Kiswahili, Wakenya, Wakongo, Warundi. Sikumwambia autume, wala sikumwambia asitume. Kufikia wiki ya tatu kulikuwa na makao tisa ninayoyajua mimi ambako, mama akifunga mlango wa bustani, vitambaa ambavyo wazee hujifunika magotini vilikuwa vimeshakunjwa na viatu vimeshavaliwa.

Malalamiko ya mchana yakashuka mpaka mawili. Moja la watu wanaokaa mlimani waliopoteza mawimbi ya televisheni, ambalo halikutuhusu, lakini nalihesabu. Mashine nayo, wiki hiyo ya tatu, ilimkata bwana harusi kati ya "nina" na "kubali". Sikufurahi. Nilifurahi kidogo.

Wiki ya nne ikaja barua. Grant akatuita, safari hii bila keki. Barua ilikuwa ya makao ya Lidcombe, imetiwa sahihi na wakazi kumi na mmoja, sahihi ya Bwana Stan ikiwa kubwa kuliko zote. Walishukuru kwa filamu za mchana. Grant akasoma kwa sauti mpaka akafika mstari mmoja, akausoma mara mbili: "Tunashukuru hasa kwa kuheshimu saa mnazotutumia."

Akaiweka barua mezani. "Saa gani? Sisi hatutangazi saa za mikato."

Mama Maureen akasema papo hapo, "Nilizituma mimi."

Nilimtazama. Alikuwa anadanganya bila kupepesa, kwa ajili yangu, na alikuwa amebakiza miezi tu apate malipo yake. Nikasema, "Si kweli. Ni mimi. Mdogo wangu anafanya kazi pale." Nikamweleza yote, Mghoi, Auburn, kikundi, makao tisa. Nikasema pia kwamba sina hakika kama majaribio yetu yalikuwa ya haki, maana mashine haikuwa na mdogo wake wa kumtumia ujumbe.

Grant aliichukua tena barua. Nikaanza kupanga kichwani jinsi nitakavyomweleza mume wangu.

"Makao tisa," akasema mwishowe.

"Tisa ninayoyajua."

"Na kila moja lina wazee wangapi?"

Sikujua, nikasema sijui. Lakini niliona macho yake yamebadilika. Alikuwa ameacha kuwa bosi, amekuwa mchuuzi. Akasema kuna wauza bima ya mazishi waliokuwa wakimsumbua, na wauza viti vya kupandisha mtu ngazi, na wauza vifaa vya kusikia, wote wanatafuta mahali wazee wamekaa pamoja saa inayojulikana. Akachukua kalamu. Kisha akasita, akaniuliza mimi, si Mama Maureen, kwa sababu siku hiyo mimi ndiye niliyeonekana msema kweli.

"Matangazo yakianza, wanayatazama?"

Wanangu, niliviona vile viti kumi na viwili mbele yangu, vitupu, na vitambaa vya magotini vimewekwa juu yake. Niliwaona wasichana wangu pia. Mama Maureen aliinua macho akaanza kuikagua dari.

Nikasema, "Grant, pale televisheni haizimwi hata dakika moja."

Akaandika. Mchana ukabaki wa mkono, asubuhi na usiku zikaenda kwa mashine. Mama Maureen alistaafu kwa siku yake mwenyewe. Mimi nilifanya kazi ile miaka sita zaidi, wasichana wakamaliza shule, na kwa jinsi nilivyosikia, wauza bima hawakuwahi kulalamika. Nimelipima jibu langu mara nyingi. Siku nyingine naliona ni kweli. Siku nyingine naliona lina tundu ambalo ng'ombe angepita. Nimewaandikia lilivyo, mlipime wenyewe.

Tulipotoka, Mama Maureen alinitangulia mpaka kwenye lifti. Akabonyeza, akaegemea ukuta.

"Ni kweli pale haizimwi?"

"Kweli kabisa," nikamwambia. "Rimoti imepotea tangu Pasaka, na kitufe kiko juu kuliko mkono wa Mghoi."